Siku za Ugonjwa za Karisa

Mwanangu Rukia,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na mkono wangu umeshaubusu, kwa hivyo sitazirefusha hapa. Umetoka na mamako kwenda Kibokoni kuwaaga shangazi zako, na najua mtakawia, kwani hakuna shangazi atakayekuachilia bila ya kula kwake. Nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, dirisha wazi, na nimeanza kuandika kabla ya adhana ya alasiri ili nimalize hamjarudi. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya leso alizokukunjia mamako. Usiisome kwenye ndege. Isome ukishafika, ukishalala usiku mmoja ukaamka.

Mambo ya kula na kuvaa, na siku gani upige simu na kwa nani, mamako ameshakwambia, na atakayoyasahau atakukumbusha kesho uwanja wa ndege mbele za watu. Mimi si fundi wa hayo. Nataka kukwambia habari ya kazi. Kazi unayokwenda kuifanya Dubai ndiyo niliyoifanya mimi miaka ishirini na mbili pale Mbaraki, japo siku hizi imepewa jina jipya na mshahara mwengine. Wewe utakaa upande wa ndani wa meza. Upande wa nje atakaa mtu aliyetoka Manila, au Kerala, au hapahapa Majengo, naye siku hiyo atakuwa ameamka mapema na ameazima shati. Utamuuliza, utaandika, na ulichokiandika ndicho kitakachomwajiri au kumrudisha kwao.

Watu wananiuliza barazani, "Athmani, wamwachaje mtoto wa kike kwenda peke yake?" Nawajibu kwamba una akili zako na dini yako. Wananiona nimetulia. Sijatulia, Rukia. Ila hofu yangu haiko huko wanakodhani wao.

Nianze na kosa ambalo hulijui, maana ni la juzijuzi. Karatasi ya kukuita kazini ilipofika kwa faksi dukani kwa Mzee Kassim, pale Ndia Kuu, hukuipata siku ile. Kassim alinipa mimi mkononi tulipotoka msikitini adhuhuri. Akanambia, "Hongera, Athmani, mwanao amepata." Nikaitia mfukoni mwa kanzu, nikamwomba akwambie wewe kwamba bado haijafika. Siku nne nilikuona ukishuka ngazi kwenda kuuliza, na siku nne nilikusikia ukipanda polepole. Walitaka jibu kabla ya juma kwisha. Mimi nilikuwa nangoja juma liishe.

Siku ya tano Kassim alinisimamisha mbele ya wateja wake. Alisema, "Athmani, mimi nauza vitambaa. Urongo siuzi. Mpe mtoto karatasi yake."

Nikaja nikakupa. Nilikwambia imefika asubuhi hiyo. Ulinikumbatia, nami sikuweza kukutazama usoni. Nisamehe. Nilifanya vile kwa sababu ya jambo lililonipata ghalani. Jambo hilo sijapata kulisimulia lote, hata kwa mamako, na sitaki usafiri hujalijua.

Nilipoingia kazini, ghala letu la chai lilikuwa la Mhindi mmoja mzee aliyekaa hapahapa kisiwani. Alipita kila asubuhi, na akiona pengo huuliza kwa jina, fulani yuko wapi leo. Mimi nilikuwa karani wa wafanyakazi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la mbao na madaftari ya mahudhurio. Mtu akija kutafuta kazi sikumuuliza cheti. Nilimuuliza, "Wewe ni wa nani?" Akinitajia baba yake au mjomba wake, na mimi nikiwajua, basi kazi ameipata. Nilijua nani ana harusi, nani ana matanga, nani akipewa mshahara wote kwa siku moja hafiki nao nyumbani.

Usidhani nakusifia ya kale. Swali la "wewe ni wa nani" ni swali zuri kwa mtu ambaye babake anajulikana. Karisa alikuja mlangoni kwetu kutoka bara, upande wa Kaloleni, hana amjuaye kisiwani. Alisimama pale getini pamoja na vibarua wa siku kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo hiyo nilimwingiza mtoto wa shemeji yangu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulala juu ya magunia. Niliona ni haki. Niliona ndivyo mambo yalivyo.

Karisa aliingia mwishowe kwa sababu ya pua yake. Siku moja shehena ilishuka kwenye malori, yeye akatia mkono kwenye chai, akanusa, akasema imepata maji njiani. Mwonjaji wetu akabisha. Walipofungua yale makasha ya katikati, yalikuwa yameota ukungu. Mzee mwenyewe akashuka kutoka ofisini, akasema, "Huyu aandikwe leo." Nikamwandika. Baada ya miaka michache alikuwa mnyapara wa wachanganyaji, watu kumi na wawili chini yake, na hajui kusoma hata jina lake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiniletea kahawa haketi, aiweka mezani na kuondoka.

Kisha mkewe, Dama, akaugua. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena, na mwisho akarudishwa nyumbani Kisauni, naye hawezi kujigeuza kitandani. Watoto walikuwa wadogo. Karisa alikuja ofisini kwangu, amevua kofia, akataka ruhusa. Sheria yetu ilitoa siku za ugonjwa kwa mfanyakazi mwenyewe tu, za kuuguza mke hazikuwako. Nikamwambia, "Nenda ukamuuguze. Nitakuandika wewe ndiye mgonjwa."

Alinitazama. "Bwana Athmani, mimi ni mzima. Usinitabirie maradhi."

"Ni wino tu, Karisa," nikamjibu. "Wino haumuumizi mtu."

Ndivyo nilivyosema, Rukia, kwa mdomo wangu. Nikaandika herufi ya ugonjwa mbele ya jina lake, juma hili siku mbili, juma lijalo siku tatu, mpaka mwaka ukaisha. Mzee mwenyewe alijua, akanyamaza. Nililala usingizi mzuri miezi ile. Nilijiona nimetenda wema.

Adhana imeniita, nimekwenda nikasali na nimerudi. Nimesikia hatua kwenye ngazi, nikadhani ni nyinyi, kumbe ni jirani wa chini. Moyo wangu umeruka kama mwizi. Acha niendelee.

Mzee alikufa, na wanawe wakaliuza ghala. Aliyelinunua hatukumjua. Tuliambiwa tu kwamba ni kampuni ya ng'ambo yenye maghala katika nchi nyingi, na hesabu zote zinaangaliwa mahali pamoja, mbali. Hapo ndipo tulipoanza kupimwa na watu wasiotuona. Meneja alinionesha karatasi moja. Ilisema kwamba ghala lao jengine, Kolombo kama sikukosea, linafunga chai nyingi kama yetu kwa watu nusu ya wetu. Nikamuuliza, "Na huko wana mashine gani?" Hakujua. Nikamuuliza, "Na mvua yao ni ya namna gani, na chai huwafikia imesafiri siku ngapi?" Hakujua. Alijua ile nusu tu. Tangu siku hiyo kila mtu ghalani akawa anashindana na mtu wa Kolombo asiyemjua. Na nadhani wale wa Kolombo nao walioneshwa karatasi ya mahali pengine.

Kibao cha ofisi yangu kikang'olewa, kikaja kingine cha Kiingereza, ambacho kwa lugha yetu chasema kwamba watu ni mali ya kutumiwa. Nilicheka siku ile. Wenzangu nao walicheka.

Kisha akaja Bi Grace.

Nataka umjue vizuri huyu, kwa sababu kila nikikutazama wewe namwona yeye. Alikuwa kijana, Mkenya mwenzetu, aliyesomea kazi hii ng'ambo, ametumwa na kampuni akae nasi wiki sita. Alikuwa na kompyuta ya kubeba mkononi. Hakuwa na kiburi hata chembe. Alinisalimu shikamoo kila asubuhi, alikunywa chai yetu ya tangawizi, na aliposikia mamako anaumwa na meno aliniuliza hali yake siku tatu mfululizo. Akanambia kazi yake ni kupanga kila mfanyakazi kwa alama: elimu, umri, lugha, ujuzi wa mashine, mahudhurio. Mashine ingejumlisha yenyewe. Akaomba madaftari yangu yote, nami nikampa, najivuna kwamba hayana hata doa.

Wiki ya tano aliniita. Alikuwa amefunga mlango. Juu ya meza pana daftari la mwaka ule wa Dama, na kidole chake kiko kwenye mstari wa Karisa.

"Mzee, huyu mnyapara," akasema. "Kazi yake wote wanaisifu. Lakini kwenye mahudhurio yeye ndiye wa mwisho ghala zima. Anaumwa nini?"

Nikasema, "Alikuwa hajiwezi mwaka ule."

"Sasa amepona?"

"Amepona."

Akaiweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango: "Mzee Athmani, mimi simjui mtu hapa. Nasoma kilichoandikwa tu. Kuna lolote katika daftari hili ambalo si sawa? Ukinambia leo, naweza kulirekebisha."

Mwanangu, swali hilo nimelisikia kila siku tangu wakati ule. Kulijibu kulihitaji maneno manne tu: mgonjwa alikuwa ni mkewe. Lakini nikiyasema, basi mimi ni karani aliyeandika uwongo katika kitabu cha kampuni, mwaka mzima, kwa mkono wake. Wakati huo walikuwa wanatafuta wa kupunguza, na karani ni wa kwanza. Nilifikiria karo yako. Nilifikiria kodi ya nyumba hii. Usijilaumu kwa hilo. Nakwambia tu kilichopita kichwani. Nilifikiria pia kwamba pengine Karisa ataokoka kwa ile pua yake, kwamba mashine itaiona.

Nikasema, "Hapana, binti yangu. Daftari langu ni safi."

Akaandika kitu. Akasema, "Asante, mzee." Kwenye ile fomu hapakuwa na nafasi ya pua.

Barua zilifika Ijumaa. Waliopunguzwa walikuwa arubaini kasoro kidogo, na meneja akanipa mimi nizigawe getini, kwani mimi ndiye niliyewajua. Nilikwisha kuwagawia wengine, watu wanasoma, wengine wamekaa chini, mmoja anacheka peke yake. Karisa akaja. Akaichukua bahasha, akaifungua kwa uangalifu, akanirudishia.

"Nisomee, Bwana Athmani."

Nikamsomea. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwengine. Ilisema kampuni inamshukuru kwa miaka yake, na kwamba amepunguzwa kwa sababu ya kutohudhuria kazini mara kwa mara kutokana na ugonjwa.

Akauliza, "Ugonjwa wa nani?"

Alinitazama, nami nikaitazama karatasi. Watu walikuwa wametuzunguka. Meneja alikuwa hatua kumi kutoka pale. Neno moja la Karisa lingetosha, na mimi ningeondoka naye kwa lango lile lile siku ile ile. Akaichukua barua, akaikunja, akavaa kofia yake. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Sasa nafika mahali ambapo wewe umo. Sijui kama wakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku kama kumi baada ya Ijumaa ile, saa za asubuhi, mlango ulibishwa, nami nikachungulia dirishani nikamwona Karisa chini. Nilijua amekuja kunitukana, na nilijua ana haki. Nikaingia chumbani, nikasimama nyuma ya pazia la mlango, nikakwambia, "Nenda umwambie baba hayuko."

Ulinitazama kwa mshangao, maana nilikuwa nimekuchapa mwaka ule ule kwa kusema uwongo juu ya shule. Ukaenda. Nilikusikia: "Baba hayuko, mzee." Akauliza, "Atarudi lini?" Ukasita, ukajibu, "Hakusema." Hilo la pili sikukufundisha mimi. Ulilitunga mwenyewe ili kunisaidia. Alikuja na mkungu wa ndizi, akautua, akaondoka. Tulizila zile ndizi, Rukia. Mamako alizipika kwa nazi.

Miezi haikuwa mingi, ghala likawa halina watu wake wa kuchanganya chai. Kazi ilikuwapo ile ile, ila waliokuja kuifanya waliletwa na wakala, asubuhi kwa lori, wamevaa vibandiko vya namba. Wengine walikuwa ni wale wale tuliowatoa, sasa kwa nusu ya mshahara na hawana likizo wala matibabu. Mmoja alinipita koridoni, nikamwita kwa jina. Akanambia kwa utani, "Mimi ni namba thelathini na moja siku hizi, bwana karani." Nikajaribu kucheka. Daftari la mahudhurio halikuwa langu tena, wakala alikuwa nalo lake. Ilinibidi nijumlishe namba tu. Na mtu anayejumlisha namba, kompyuta itamshinda.

Nyinyi niliwaambia nimestaafu. Sikustaafu. Barua yangu ilikuja kwa faksi kutoka ng'ambo, imetiwa sahihi na mtu ambaye hatujapata kuonana, na jina langu limekosewa. Ilinishukuru kwa miaka yangu. Maneno yalikuwa yale yale ya barua ya Karisa. Sababu yangu tu ndiyo ilikuwa nyengine: kazi za karani zimehamishiwa Nairobi. Baadaye nikasikia kwamba Nairobi nako zimehama.

Nilikaa mwaka mzima nikisema nitamtafuta. Kwa kweli sikumtafuta. Nilimkuta. Mamako alinituma Liwatoni kununua samaki, na pale panapopakiwa barafu nikamwona mtu anayejaza makasha kwa sepetu, mgongo naujua. Kidogo nigeuke. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka.

"Karisa," nikamwita.

Akamaliza kasha lake kwanza. Kisha akachomeka sepetu kwenye barafu. "Bwana Athmani. Wataka samaki?"

"Nilikuja kwa samaki. Sasa nimekuja kwako."

"Basi sema."

Nikamwambia yote pale pale, tumesimama, maji ya barafu yanatulowanisha viatu. Nikamwambia juu ya Bi Grace na swali lake, na jibu langu. Nikamwambia kwamba siku aliyokuja nyumbani, nilikuwamo.

"Najua ulikuwamo," akasema. "Pazia lako ni fupi. Niliiona miguu."

Nikaitazama miguu ile ile ndani ya maji.

"Ulidhani nimekuja kukuteta?" akaniuliza.

"Nilidhani hivyo."

"Nilikuja kutaka barua. Kulikuwa na ghala Shimanzi, walitaka mchanganyaji. Wakanambia nilete karatasi ya mtu niliyefanya naye kazi, aseme mimi ni mzima wa mwili na kazi naijua. Walinipa siku tatu. Nikasema, Bwana Athmani ajua kuandika."

Nilimuuliza kwa nini basi hakunitaja siku ile getini. Nilitamani anitukane. Alipangusa mikono kwenye shuka lake, polepole.

"Dama alikuwa bado yu hai siku ile," akasema. "Zile siku ulizoniandikia, nilikaa naye. Nilimgeuza mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Ningekutaja vipi?" Kisha akaongeza, "Lakini mtoto usingemtuma. Hilo halikunipendeza."

Siku ya pili nilimpelekea barua, nimeiandika kwa mkono wangu mzuri kabisa: kwamba Karisa ni mzima, kwamba hakuugua hata siku moja, kwamba siku zile zote nilizoziandika ni uwongo wangu mimi, na kwamba sijapata kuona mtu aijuaye chai kama yeye. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kazi ile imeshapata mtu zamani," akasema. "Lakini nipe. Wanangu wasoma. Watanisomea." Akaitia ndani ya kofia. Tangu siku hiyo tukikutana twasalimiana. Hajapata kuja tena nyumbani, nami sijathubutu kumwalika.

Ndiyo hayo, mwanangu. Natamani ningekuwa na fundisho zuri la kuyafungia, lakini nimelitafuta sana na sijalipata. Wako watakaokwambia kosa langu lilikuwa kuandika uwongo. Mimi najua kwamba bila ya ule uwongo Dama angeugua peke yake. Wako watakaosema kosa ni la kompyuta, au la wazungu, au la Kolombo. Lakini yule binti aliniuliza, na aliyejibu ni mimi. Nilichojifunza ni kidogo tu: kwamba wema nilioufanya kwa siri haukuwa na mlinzi ila mimi, na siku ulipotaka kulindwa, mlinzi alikuwa amejificha.

Mkataba wako nimeusoma mara tatu. Kifungu cha tisa chasema pasipoti yako itakaa kwa mwajiri. Nilikwenda kwa wakala kuuliza bila ya kukwambia. Akanijibu, "Ndiyo desturi ya kule, mzee, wala si kwa mwanao tu." Kwamba ni kwa wote hakukunipoza, kulinitisha zaidi. Nimekutolea nakala mbili, moja nimeishonea ndani ya bitana ya mkoba wako na moja ninayo hapa. Hilo ni lako. Lakini wewe utafanya kazi ndani ya ofisi ile ile, Rukia. Itafika siku utapewa pasipoti za wenzako, wasichana walioacha watoto kwao, uzifungie kabatini na uziandikishe. Utaambiwa ndiyo desturi. Utakuwa mgeni, utakuwa peke yako, na kibali chako cha kukaa kitakuwa mikononi mwa huyo huyo anayekuamrisha. Sijui utafanya nini. Sitaki kujifanya kwamba mimi ningefanya lililo bora, umeshaona nilichofanya nikiwa nyumbani kwetu, nina mke wangu na kisomo changu na watu wanaonijua. Nakuomba tu usiniambie kwenye simu kwamba kila kitu ni safi. Kama si safi, nambie. Hata kama ni wewe uliyeharibu, nambie. Simu ikiwa ghali, andika.

Na ukirudi kwa sababu umeshindwa, au kwa sababu umekataa, mlango huu ni wako, na anayeuliza mengi barazani nitamjibu mimi.

Naona jua limeshuka ukutani, mtakuwa njiani. Liko la mwisho, na mamako hajalijua bado, kwa hivyo usimtajie. Nimeomba kazi. Kwenye yadi ya makontena wataka makarani wa kuhesabu mizigo, kwa mkataba wa miezi mitatu, kupitia wakala. Wameniita Jumatatu saa mbili nikahojiwe. Nina miaka hamsini na minne. Fomu waliyonipa niende nayo iliniuliza kama najua kompyuta, nikaandika ukweli. Ilinitaka nimtaje mtu wa kunishuhudia, jina lililonijia ni la Karisa, nami kalamu imekaa hewani muda mrefu, na bado nafasi ile sijaijaza. Nimeambiwa anayehoji ni msichana, mdogo, ametoka chuoni juzi. Tangu nilipoambiwa hivyo usingizi umekuwa mwepesi. Sijapata kukaa upande ule wa meza maishani mwangu, sijui hata mikono yangu nitaiweka wapi. Lakini nimeazimia jambo moja. Nikiketi, kabla hajaniuliza la kwanza, nitamtazama usoni niseme moyoni kwamba huyu ni Rukia wangu, na nimjibu kama ningekujibu wewe.

Mungu akutangulie kila mlango utakaoufungua na kila utakaofungiwa.

Babako,
Athmani